UZI: Wawili, makasia manne, mita 2,000. Mbio hizi huamuliwa kabla hujaziona zikiamuliwa

#1 Mwana wa Karanga (mwanzisha uzi), Moshi

Wakuu, habari zenu. Humu tunaongea mpira kuanzia asubuhi hadi usiku, na riadha tunaikumbuka siku kijana wetu akishinda. Leo naomba tuongee makasia, na ndani ya makasia nizungumzie mbio moja tu: wanaume wawili kwenye boti moja, kila mmoja ana makasia mawili, la kulia na la kushoto, mita 2,000 za maji yaliyotulia. Nazifuatilia tangu Olimpiki ya London 2012 na hoja yangu ni hii: mshindi hapatikani kwenye kuanza, wala kwenye zile mita za mwisho ambazo watangazaji huzipigia kelele. Anapatikana kati ya mita 1,000 na 1,500. Hapo mapafu yanawaka, miguu inakataa, na mwisho bado uko mbali. Wanaoshinda hapo ni wale ambao bado wanavuta pamoja.

Kwa asiyezijua mbio hizi, tuanze na boti. Ina urefu wa mita 10 hivi, na kanuni inataka isipungue kilo 27. Waweke humo wanaume wawili wa kilo tisini na kitu kila mmoja: imebeba karibu mara saba ya uzito wake, na sehemu inayogusa maji ni nyembamba kuliko mabega yao. Wakiyaachia makasia inapinduka papo hapo, kwa sababu makasia ndiyo yanayoishika isilale. Hakuna mtu wa tatu wa kushika usukani wala wa kuwahimiza. Wanakaa migongo ikielekea wanakokwenda, macho yakitazama walikotoka. Anayekaa upande wa tezi, yaani nyuma ya boti, ndiye anayeweka mwendo. Wa omo, yaani mbele ya boti, anakaa nyuma ya mgongo wake, anamwona mwenzake mgongo tu, anamfuata, na yeye ndiye anayegeuza shingo mara moja moja kuangalia kama boti iko kwenye njia yake.

Viti vinateleza juu ya reli ndogo, miguu imefungwa ndani ya viatu vilivyokazwa kwenye boti. Ukitazama kwa mara ya kwanza utadhani ni kazi ya mikono. Nguvu nyingi zinatoka mapajani, mgongo unazipokea, mikono inamalizia. Mipini ya makasia ni mirefu kiasi kwamba inapishana katikati mbele ya kifua, kwa kawaida mkono wa kushoto ukipita juu ya wa kulia, na ngozi ya vidole hulipa gharama ya kila kosa.

Kuna jambo lilinichukua muda kuliona. Kuvuta ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kurudi: makasia yako nje ya maji, wachezaji wanateleza kuelekea tezi kujiandaa kwa pigo linalofuata, na wakati huo boti inakimbia yenyewe. Ni karibu kilo 190 za binadamu zinazohama upande mmoja huku boti ya kilo 27 ikienda upande mwingine. Mmoja akikurupuka kurudi, boti inakwama chini yao kama imeshikwa. Anapoteza mwendo ambao ameulipia kwa miguu yake mwenyewe sekunde moja iliyopita. Kwenye televisheni hulioni kosa hilo, unaona tu kwamba boti ya jirani imeanza kusogea mbele bila sababu.

Pale Tokyo, tarehe 28 Julai 2021, Hugo Boucheron na Matthieu Androdias wa Ufaransa walimaliza kwa dakika 6:00.33. Melvin Twellaar na Stef Broenink wa Uholanzi walimaliza kwa 6:00.53. Sehemu mbili za kumi ya sekunde. Kwa kasi waliyokuwa nayo, hiyo ni mita moja na kidogo kati ya mita 2,000. Kila boti ilipiga makasia zaidi ya mara 200 kufika pale. Gawanya hiyo mita moja kwa mapigo yote utaona kwamba kila pigo lilitofautiana kwa kiasi kisichofika upana wa ukucha. Halafu mtu anasema waliamua mbio mwishoni! Waliziamua katika kila pigo, na pigo linaloharibika kirahisi kuliko yote ni lile la robo ya tatu.

Wale Waholanzi walirudi Paris 2024, watu wale wale wawili, wakapata fedha tena, nyuma ya Andrei Cornea na Marian Enache wa Romania. Romania 6:12.58, Uholanzi 6:13.92, Ireland ya Daire Lynch na Philip Doyle ya tatu. Naomba msije na hoja kwamba Paris walikuwa dhaifu kwa sekunde 12. Majini muda bila kujua upepo haukuambii kitu. Upepo wa mgongoni unakupa sekunde nyingi, wa usoni unakunyang'anya. Ndiyo maana wenyewe hawapendi kusema rekodi ya dunia, wanasema muda bora. Muda bora wa mbio hizi ni 5:59.72, wa ndugu wawili wa Croatia, Martin na Valent Sinković, uliowekwa Amsterdam mwaka 2014, siku za upepo mzuri. Ndugu hao walichukua dhahabu Rio 2016, kisha wakafanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko dhahabu yenyewe: waliacha makasia mawili, wakahamia boti ya wawili yenye kasia moja kwa kila mtu, ufundi tofauti kabisa, na wakashinda Tokyo na Paris.

Nimeweka msingi. Karibuni.

#2 Chalii wa Sakina, Arusha

Mkuu umeandika vizuri ila nakupinga hapo hapo kwenye hoja yako kuu. London 2012 umeitaja mwenyewe. Nathan Cohen na Joseph Sullivan wa New Zealand walishinda wakitokea nyuma. Kwenye mita 1,500 hawakuwa mbele, waliokuwa wanaongoza ni Waitaliano. Wakawapita kwenye mita 500 za mwisho. Sasa robo ya tatu iliamua nini? Mbio zimeamuliwa mwishoni kama mbio nyingine zote. Hata mita 1,500 za uwanjani, kengele ikilia ndipo tunajua nani ni nani.

Halafu swali lingine: kama wanatazama nyuma, yule aliye mbele si anawaona wapinzani wake wote? Hiyo si faida kubwa sana?

#3 Mwana wa Karanga

Chalii, swali lako la pili ndilo linalojibu la kwanza. Ndiyo, anayeongoza anawaona wote. Aliye nyuma hamwoni yeyote mbele yake, anasikia tu. Kwa hiyo anayeongoza anaweza kupima nguvu zake kwa macho, na aliye nyuma lazima aamini mpango wake bila kuona kama unafanya kazi. Fikiria Cohen na Sullivan wako nyuma mbele ya maelfu ya watu, hawaoni wanawakaribia nani, na hawakupaparika. Hawakuongeza mapigo kwa hofu kwenye mita ya 1,100. Walibaki na pigo refu, lililoshika maji vizuri, wakati walio mbele walikuwa wanatumia akiba. Ukifika mita ya 1,600 ukiwa na miguu na mwenzako ana miguu, unaweza kupandisha mapigo. Ukifika ukiwa umekwisha, hata ukipandisha mapigo boti haiendi, makasia yanapapasa maji tu.

Nakubali kwamba macho ya mtazamaji yaliona ushindi kwenye mita 500 za mwisho. Ninachosema ni kwamba zile mita 500 zilinunuliwa kabla.

#4 Tabibu wa Viungo, Njiro

Naomba niingie kwa upande wa mwili maana ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Mbio za dakika sita na kitu zinakaa mahali pabaya sana kwa binadamu. Mbio za mita 100 unakimbia na nguvu iliyokwishahifadhiwa kwenye misuli. Marathoni unakwenda kwa hewa. Dakika sita zinataka vyote viwili. Kuanza kwa boti hizi ni kwa nguvu zote, mapigo ya makasia yanazidi 40 kwa dakika, kwa sababu boti imesimama na lazima iamshwe. Ndani ya dakika ya kwanza tu msuli umeshajaa uchafu wa kazi hiyo, na bado kuna dakika tano. Baada ya hapo mwili unategemea hewa kwa sehemu kubwa, robo tatu au zaidi ya nguvu yote ya mbio, huku lile deni la mwanzo halijalipwa. Mwanzisha uzi anaposema mita 1,000 hadi 1,500, kitabibu yuko sahihi: msisimko wa kuanza umeisha, msisimko wa kumaliza haujaja, na kichwa kinapokea ujumbe mmoja tu kutoka kila kiungo, acha.

Mtu aliyechoka hupoteza usahihi kabla hajapoteza nguvu. Huo ndio ubaya wake kwa boti ya watu wawili. Mkono unachelewa kidogo sana kutoka majini, goti linapanda mapema. Kwenye boti ya watu wanane kosa la mmoja linamezwa na saba. Kwenye boti ya mtu mmoja anajikosea mwenyewe na anajirekebisha mwenyewe. Wawili hawana kimojawapo.

Na majeraha yake si ya kuchekesha. Mgongo wa chini ndio wa kwanza. Mbavu zinafuata: hupata nyufa ndogo ndogo kwa kuvutwa na misuli maelfu ya mara. Mchezaji anahisi kichomi akivuta pumzi, anadhani ni baridi, anaendelea. Anayefanya mazoezi kwenye mashine za makasia za gym, ukisikia maumivu ya ubavu yanayorudi mahali pale pale, pumzika na umwone mtaalamu.

#5 Meku wa Kibosho

Vijana wangu, uzi mzuri. Mmeanzia 2012, mimi niwarudishe nyuma kidogo.

Boti hii ya wawili ina historia ya watu wa ajabu. Kwenye Olimpiki ya 1920 kule Antwerp, Mmarekani John Kelly, mtu wa Philadelphia aliyekuwa fundi wa kujenga kwa matofali, alishinda mbio za mtu mmoja, na siku hiyo hiyo akaingia tena majini na Paul Costello wakashinda za wawili. Kelly na Costello wakarudia 1924. Kelly alipoacha, Costello akachukua mwenzake mwingine, Charles McIlvaine, akashinda tena 1928. Dhahabu tatu mfululizo kwenye boti ya aina moja, na mwenzake alibadilika! Ndiyo maana watu wakimtaja Kelly mimi namtaja Costello. Kuna wachezaji ambao karama yao ni kumfaa mwenzao, na hao hawaandikwi sana.

Yule aliyeshindwa na Kelly kwenye mbio za mtu mmoja mwaka 1920 alikuwa Mwingereza, Jack Beresford. Hakuondoka. Alichukua medali kwenye Olimpiki tano mfululizo, na ya mwisho ilikuwa Berlin 1936, boti ya wawili pamoja na Dick Southwood. Wajerumani walikuwa kwao, wanashangiliwa na uwanja mzima, na walikuwa mbele kwa sehemu kubwa ya mbio. Beresford na Southwood wakawasogelea kidogo kidogo mpaka wakawa sambamba, na karibu na mwisho Wajerumani wakakatika. Kwa hiyo bwana Karanga, mfano wenu wa kutokea nyuma ni wa zamani kuliko London 2012.

Na Olimpiki ya 1948 huko Henley, Uingereza, walishinda Dick Burnell na Bert Bushnell. Mmoja mrefu, amesoma Oxford, baba yake alikuwa na dhahabu ya makasia ya 1908. Mwingine mfupi, ametoka kwenye ukoo wa kuunda mashua. Waliunganishwa wiki chache kabla ya mashindano. Walitofautiana kila kitu na wakashinda.

#6 Chalii wa Sakina

Shikamoo Meku. Hii ya Burnell na Bushnell imenifurahisha, maana nilidhani lazima wawe ndugu kama wale wa Croatia.

Swali langu sasa ni la nyumbani. Huku Arusha vijana wanakimbia kila alfajiri. Filbert Bayi katoka Karatu, Akhwari katoka Mbulu. Mapafu ya watu wa miinuko tunayo. Kama mchezo huu ni wa mapafu na uvumilivu, kwa nini tusichukue wakimbiaji wawili wa mita 5,000 tuwaweke kwenye boti? Miaka minne tu.

#7 Tabibu wa Viungo

Kaka Chalii, mapafu wanayo, lakini mchezo hauendi hivyo. Mkimbiaji anabeba uzito wake mwenyewe kwa kila hatua, kila kilo ni adhabu kwake, ndiyo maana wakimbiaji wetu wa mbio ndefu wana kilo hamsini na kitu. Kwenye boti uzito unabebwa na maji. Mtu mkubwa anaizamisha boti kidogo zaidi, lakini nguvu anayoongeza inazidi hasara hiyo. Na mikono mirefu na miguu mirefu inampa pigo refu. Hivyo bingwa wa kawaida wa mbio hizi anakaribia mita 1.90 na kilo 90 na zaidi. Kijana wa kumtafuta hapa Kaskazini ni yule mrefu anayecheza basketi na ana pumzi, au anayecheza voliboli. Mkimbiaji wa mita 5,000 angefika mita ya 500 akiwa na pumzi nzuri na boti iko nyuma kabisa.

#8 Mwana wa Karanga

Dada Tabibu amesema kweli, na bado nawaongezea mtu mmoja anayenipa moyo. Peter Antonie wa Australia. Mwaka 1986 alikuwa bingwa wa dunia wa mtu mmoja kwenye daraja la uzito mwepesi, lile ambalo mwanaume hatakiwi kuzidi kilo 72.5. Mwaka 1992, Banyoles, Olimpiki ya Barcelona, hakukuwa na daraja la wepesi. Akaingia na Stephen Hawkins kwenye boti ya wawili, dhidi ya majitu, wakachukua dhahabu. Ufundi wao ulikuwa safi mno. Umbo linasaidia sana, sibishi, ila boti ya wawili ni mahali ambapo usahihi unaweza kulipa deni la umbo.

Daraja la wepesi liliingia Olimpiki 1996 na limeishia Paris 2024. Fintan McCarthy na Paul O'Donovan wa Ireland ndio mabingwa wa mwisho wa wawili wepesi, walishinda Tokyo na Paris. Kuondolewa kwake kumenisikitisha, maana ndio mlango ambao nchi zenye watu wa maumbo ya kawaida zilikuwa zinapitia. Afrika Kusini ilipita hapo: London 2012, boti ya wanne wepesi, Sizwe Ndlovu, Matthew Brittain, John Smith na James Thompson. Walikuja kwa nguvu mwishoni wakawapita Waingereza kwa robo ya sekunde, kwenye maji ya Waingereza. Smith na Thompson wakaja kuwa mabingwa wa dunia wa wawili wepesi mwaka 2014. Ndlovu alianza makasia shuleni Johannesburg, hakuzaliwa kwenye familia ya mashua. Kila nikimwona kijana mrefu amekaa kijiweni hapa Majengo namkumbuka.

#9 Mtoto wa Kirya, Mwanga

Nasoma kimya tangu mwanzo, sasa mmefika kwenye maji naomba niseme.

Mimi nimekulia kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Baba mvuvi, babu mvuvi. Haya mnayosema ya watu wawili kupatana kwenye boti nayajua kwa mwili, ingawa sisi tunapiga kafi tukitazama mbele na chombo chetu ni mtumbwi mzito wenye nyavu na perege. Ukipanda na mtu mpya mtumbwi unajua. Unayumba, unavuta upande, unachoka mapema, na nyote wawili mna nguvu. Ukipanda na uliyezoeana naye hamsemi kitu, mnasikiana kwa mtikisiko wa ubao. Nilikuwa navua na kaka yangu na pia na jirani, na nilikwenda vizuri zaidi na jirani. Kaka yangu kila nikichelewa anagombana. Kwa hiyo hoja ya udugu mimi siitegemei.

Kuhusu bwawa letu kufaa kwa mashindano: urefu upo wa kutosha na kubaki. Maji yanatoka Kikuletwa na Ruvu, asubuhi mapema yanalala kama mkeka. Ila saa nne ikipita upepo unaanza, na mchana kuna mawimbi ambayo boti ya kilo 27 itajaa maji mara moja. Nyavu ziko kila mahali. Na mamba wapo. Mtu asije na vijana wasiojua kuogelea akawaweka kwenye chombo kinachopinduka akiachia kasia. Mazoezi ya alfajiri, upande wenye uangalizi, na boti ya injini ya kuokoa ikifuata, hapo sawa.

#10 Mkazi wa Tengeru

Na ziwa Duluti je? Maji yamezungukwa na msitu, upepo mdogo, watalii wanapanda mitumbwi kila siku.

#11 Mwana wa Karanga

Mkuu wa Tengeru, Duluti ni pazuri sana na kwa kufundishia ningepachagua kabla ya bwawa. Ni shimo la volkano, kingo zinakinga upepo. Tatizo ni ukubwa, mita 2,000 zilizonyooka hazimo. Unaweza kufundisha ufundi, mizani, kuanza, vipande vya mita 500. Mbio kamili hapana.

Lakini angalieni Bled, Slovenia. Ziwa dogo la milimani, urefu wake unazidi kilomita mbili kwa kidogo tu, na limeandaa ubingwa wa dunia 1966, 1979, 1989 na 2011. Nchi yenyewe ina watu kama milioni mbili. Iztok Čop na Luka Špik wakachukua dhahabu ya wawili Sydney 2000, fedha Athens 2004, na shaba London 2012. Miaka kumi na miwili kati ya medali ya kwanza na ya mwisho, watu wale wale, boti ya aina ile ile. Kwangu hao ndio wawili bora kuwahi kutokea, hata kuliko Sinković, na niko tayari kubishana usiku kucha. Sinković walikuwa na kasi kubwa zaidi. Čop na Špik walizeeka pamoja wakiwa bado wanatisha.

#12 Mhasibu wa Majengo

Wakuu, mimi nauliza hesabu. Boti mpya ya wawili ya kiwango cha mashindano inazidi dola 10,000, makasia kando, ushuru na usafiri kando. Chombo cha mita 10 kinapanda lori gani kutoka bandarini hadi Moshi bila kupasuka? Klabu inayoanza haihitaji boti moja, inahitaji kadhaa, pamoja na banda la kuzihifadhi, na boti ya injini ya kocha. Sioni shule ya kata ikifika huko. Sisemi tusiongee, nasema anayetaka vijana waingie mchezo huu aanze na njia ya bei ndogo.

#13 Mwana wa Karanga

Mhasibu umegusa penyewe. Njia ya bei ndogo ninazoziona mbili.

Ya kwanza ni mashine ya makasia. Gym kadhaa hapa Moshi na Arusha zinazo, na nchi kubwa zote hupimia wachezaji wao hapo, mita 2,000, kabla hawajagusa maji. Kijana wa mita 1.90 anayevuta vizuri kwenye mashine anajulikana siku hiyo hiyo. Haimfundishi mizani wala kurudi kwa utulivu, lakini inakuonyesha nani ana injini.

Ya pili ni makasia ya pwani. Boti zake ni pana, nzito, zinavumilia mawimbi, na kijana anajifunza bila kupinduka kila dakika. Mbio zake fupi mchezaji anaanza kwa kukimbia mchangani, anaruka ndani ya boti, anazunguka maboya, anarudi na kukimbia tena hadi mstarini. Zimo kwenye Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, na Los Angeles 2028 zinaingia Olimpiki kubwa, pamoja na mbio za wawili mchanganyiko, mwanaume na mwanamke. Hizi boti zingeyaweza hata mawimbi ya mchana ya Nyumba ya Mungu. Na jirani zetu wameshaanza kuonekana: Kathleen Noble wa Uganda ameshindana makasia Tokyo na Paris.

#14 Mtoto wa Kirya

Boti pana ikija, watu wa kuwafundisha vijana kuogelea na kusoma upepo nitawapata mimi. Wapo wengi na wanayajua maji.

#15 Chalii wa Sakina

Mkuu Karanga, la mwisho kutoka kwangu. Nimesoma kwamba Los Angeles 2028 mbio za kawaida zitakuwa mita 1,500 badala ya 2,000, kwa sababu njia ya maji ya Long Beach haitoshi. Sasa hiyo robo yako ya tatu itakwenda wapi? Ukikata mita 500 si ndiyo unaikata hiyo hiyo?

#16 Mwana wa Karanga

Chalii, hili limenikosesha raha tangu litangazwe. Ni kweli, Long Beach, pale pale walipofanyia Olimpiki ya 1932, na itakuwa mita 1,500.

Maoni yangu: zitakuwa dakika nne na nusu hivi, na hapo wenye mwanzo mkali wanapata zawadi. Deni la dakika ya kwanza alilolieleza dada Tabibu halitakuwa na muda wa kuwaumiza vya kutosha. Wawili wa aina ya Cohen na Sullivan, wanaobaki nyuma na kusubiri wengine waishe, watafika mstarini wakiwa bado na nguvu ambazo hawakuzitumia, na hakuna huzuni kubwa kuliko hiyo kwa mchezaji. Makocha wataanza kutafuta watu wazito zaidi, wenye mlipuko. Mtu kama Antonie ataumia.

Ila ile sehemu ya katikati haitakufa. Itasogea. Kwenye mita 1,500 naiona kati ya 700 na 1,100, fupi na kali zaidi, mapigo yakiwa juu muda wote. Na kwa mapigo ya juu kosa la kurudi mapema ni kubwa zaidi, kwa sababu muda wa kulirekebisha kabla ya pigo linalofuata ni mdogo. Kwa hiyo nitakuwa natazama kitu kile kile: boti ipi inaendelea kukimbia kati ya pigo na pigo wakati wenyewe wamechoka. Waholanzi kama watarudi na wawili waliozoeana, nawapa nafasi. Romania wana nguvu ya kuanza, nawapa nafasi kubwa zaidi.

Weka ubashiri wako hapa chini na majina, tuje tuusome Julai 2028.

#17 Meku wa Kibosho

Mimi naandika Romania. Na mtoto wa Kirya, nitumie ujumbe wa faragha, nina mjukuu ana miaka kumi na sita, urefu wake umenipita kichwa kizima na kuogelea hajui.